Dada Indu na Jioni ya Makosa

Leo, tarehe thelathini na moja Mei, saa za kazi zitakapokwisha, Bi. Indumati Khairnar atakabidhi ufunguo wa chumba cha ramani na kustaafu rasmi, baada ya kulitumikia Jumba la Mihadhara la Godakath, hapa kwetu Nashik, kwa miaka thelathini na miwili. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, na ofisi ya mwenyekiti imenionya niandike kwa heshima, kwa ufupi na bila utani. Heshima nitaiweka. Hayo mengine mawili siahidi.

Dada Indu, kama tunavyomwita sote kuanzia mwenyekiti hadi mpika chai, alikuja hapa akiwa msaidizi wa maktaba. Ni binti wa wakulima wa vitunguu wa upande wa Niphad, na alikuwa ametoka Pune na shahada ya siasa ambayo baba yake hakujua itamfaa nini. Mwaka wake wa pili kazini, msemaji wa mihadhara ya majira ya joto aliachwa na treni huko Mumbai. Watu walikuwa wameshajaa uani, karanga mkononi, na mada imeandikwa ubaoni: siasa ya kutofungamana na upande wowote. Mwenyekiti wa wakati huo alitapatapa akitafuta mtu. Dada Indu akaweka chini vitabu alivyokuwa amebeba, akapanda jukwaani.

Alianza hivi: "Jirani zako wawili wamegombana. Mmoja anakuazima ngazi, mwingine anakuazima sukari. Kila mmoja anakuambia, chagua, uko na mimi au uko na yule. Haya, nyie mnaojua kuishi na watu, mngefanyaje?" Uwanja mzima ukaanza kujibu kwa pamoja. Wazee wastaafu waliozoea kusinzia mpaka makofi ya mwisho walikuwa wanasimama kubishana. Karanga ziliisha, watu hawakuondoka. Tangu siku hiyo maktaba ilimpoteza, na sisi tukampata.

Kazi yake imekuwa hiyo hiyo miaka yote: kueleza sera za serikali na siasa za dunia kwa watu ambao hawana nafasi ya kukaa na magazeti manne kila asubuhi. Kwa nini mbolea ya Nashik inapanda bei kwa vita ambavyo hata jina la mji wake hatuwezi kulitamka. Kwa nini India inanunua mafuta kwa mtu ambaye wakubwa wengine wamemnunia. Kwa nini mto unaoanzia kwa jirani mmoja unatunyima usingizi, na mto unaopita kwetu unamnyima usingizi jirani mwingine. Aliyasema haya kwa Kimarathi cha sokoni, vijijini, vyuoni, kwenye kumbi za harusi zilizokosa harusi, na kila wiki katika safu yake ya gazetini, "Dunia Mlangoni".

Msimamo wake haukuwa wa kujificha. Alikuwa akisema, "Washington wanaitazama dunia kutoka Washington. Beijing wanaitazama kutoka Beijing. Wala hawamwombi mtu radhi. Sisi tuna shida gani mpaka tuitazame Nashik kwa miwani ya kuazima?" Ndiyo maana alimwagiza mwalimu wa sanaa amchoree ile ramani kubwa ya ukutani ambayo katikati yake ni Nashik, na nchi nyingine zote zimetuzunguka. Kuna profesa mmoja mgeni aliyeiona akacheka mpaka akakohoa. Dada Indu akamtengea chai, akamwuliza kwa upole, "Profesa, dunia ni mviringo. Hebu nionyeshe katikati yake halisi ni wapi, nimwambie mwalimu arekebishe." Profesa alikunywa chai yake, na nasikia baadaye aliomba picha ya ile ramani.

Lakini msidhani alikuwa wa kuisifia nchi tu. Tulipokosea kama taifa, alisema tumekosea, tena kwa sauti ile ile. Na kabla hajaeleza mgogoro wowote na jirani, alitulazimisha sisi wa ofisini tumsemee yule jirani, kwa nguvu zote, kana kwamba sisi ni mawakili wake. Nimewahi kuitetea Nepal mpaka sauti ikakauka. Nimewahi kuwa Sri Lanka wiki nzima, na nilianza kujiona nimeonewa kweli. Nikimsemea jirani kivivu, aliniambia, "Hema, huyo jirani yako ni mjinga mno. Wa kweli hayuko hivyo. Rudia."

Neno moja hakulivumilia: mkakati. Alisema ni neno la watu wasiojua watafanya nini kesho. Yeyote aliyelitamka mbele yake alinunua chai ya ofisi nzima, na mwenyekiti wetu, Bwana Moreshwar Garge, ametunywesha chai nyingi sana kwa miaka hii. Tunamshukuru.

Runinga aliijaribu mara moja. Walimwalika Mumbai kwenye kile kipindi ambacho vichwa sita vinakaa kwenye visanduku na vyote vinafoka. Waliulizana juu ya baraza la usalama la dunia, kwa nini India haina kiti cha kudumu. Dada Indu akaanza, "Ni kama ukumbi wa harusi. Waliofika mapema wamekalia viti vya mbele, sawa, lakini sasa wameweka na mikoba kwenye viti vya..." Hapo akakatizwa. Akaanza upya, akakatizwa. Mara ya tatu akavua kile kipaza sauti cha kubandika, akakiweka mezani kwa adabu, akaenda kupanda treni. Tuliokuwa tunatazama hapa ofisini tulipiga vigelegele. Aliporudi alisema tu, "Sentensi yangu nimeimalizia kwenye treni, na abiria wamenielewa."

Sasa nafika mahali ambapo ofisi ya mwenyekiti ingependa nipite haraka. Sipiti haraka. Hapa ndipo ilipo sababu ya mimi kujivuna kwamba nimefanya kazi meza moja na huyu mama.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye majira ya mvua, bei ya vitunguu ilianza kupanda. Wakulima wetu walikuwa na vitunguu vya kiangazi ghalani, yale maghala ya kuta za mianzi yanayopitisha upepo, na kila mmoja alijiuliza: niuze sasa, au nivumilie bei ipande zaidi? Woga wao ulikuwa mmoja, kwamba serikali ingepiga marufuku kuuza nje, kama inavyofanya mara kwa mara, na bei ianguke kwa siku moja. Dada Indu ndiyo kwanza alikuwa ametoka Delhi kwenye kongamano la wakubwa wa mambo ya nje. Alirudi akiwa na majibu.

Kijiji cha Karanjwadi kilimwalika. Alisimama kwenye uwanja wa hekalu la mungu Maruti akawaeleza, vizuri kama kawaida yake, kwamba jirani yetu wa mashariki anapika kwa vitunguu vyetu, kwamba kiongozi wake anakuja Delhi kwa mazungumzo makubwa, na kwamba hakuna serikali yenye akili itakayomkaribisha mgeni huku inamfungia jiko. Watu waliitikia kwa vichwa. Wakamvika shali na kumpa nazi, kama tunavyomfanyia mtu tunayemheshimu. Mwishoni mzee mmoja akainuka, Kashiram Aher, mtu wa maneno machache, ghala lake limejaa mpaka mlangoni.

"Dada, hayo ya wakubwa nimeyasikia," akasema. "Mimi niambie neno moja. Niuze au niweke?"

"Weka, Baba," akajibu Dada Indu. "Hawafungi."

Mzee Kashiram akaweka. Na kwa kuwa yeye si mtu wa pupa, nusu ya kijiji ilimtazama yeye na ikaweka pia.

Wakafunga. Tangazo lilitoka asubuhi moja bila kubisha hodi, malori yakakwama mpakani na mizigo yake, jirani akanuna, mgeni akaja hivyo hivyo na kutania hadharani kwamba amemwambia mpishi wake aache kutumia vitunguu. Wenzetu wa Delhi walicheka utani huo. Karanjwadi hawakucheka. Bei ilianguka, mvua ikazidi, na vitunguu vikaanza kuchipua na kuoza ghalani.

Hapa ofisini tulikaa kikao. Bwana Garge, ambaye wakati huo ndiyo kwanza ameshika uenyekiti, alitoa ushauri ambao mtu yeyote mwenye busara ya kiofisi angeutoa. "Dada Indu, usijichongee. Andika makala kali. Sema serikali imewasaliti wakulima, jambo ambalo ni kweli. Watu watapiga makofi, mambo yatapoa."

"Wamesalitiwa, ndiyo," akasema. "Lakini aliyemwambia Baba Kashiram aweke si serikali."

"Ukienda kule watakupiga!"

"Basi nitajua bei halisi ya maneno yangu."

Tulikwenda watatu, yeye, mimi, na dereva wetu Shabbir ambaye njia nzima alikuwa anasali. Harufu ya vitunguu vilivyooza ilitupokea kabla ya watu. Hakuna aliyetukaribisha. Walijikusanya polepole kwenye uwanja wa hekalu, wamekunja mikono. Mtu mmoja akaleta kiti, nadhani kwa mazoea tu. Dada Indu hakukikalia. Akaketi chini kwenye tope na sari yake nzuri.

"Nimekuja kusema nilikosea," akasema.

"Si useme serikali imekudanganya!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Haikunidanganya. Haikuniahidi kitu. Mimi ndiye niliyewaahidi ninyi kitu ambacho si changu."

Kisha akawaeleza alikosea wapi, hatua kwa hatua, kama anavyoeleza mgogoro wa mto. Alikaa na mabwana wa mambo ya nje, akasikia hesabu yao ya urafiki na jirani, na hesabu ile ilikuwa safi. Kilichompotea ni kwamba anayefunga mpaka si bwana wa mambo ya nje. Ni bwana wa uchaguzi, na yule hana habari na ramani, anaangalia sufuria za wapiga kura mjini. Majimbo yalikuwa yanakwenda kupiga kura mwaka ule. "Mimi nimezaliwa ghalani kwenye vitunguu," akasema. "Nimemwona baba yangu akifungiwa mpaka namna hii hii. Nilikwenda Delhi nikaona fahari kukaa na wakubwa, nikasahau."

"Biriani ya Delhi hiyo!" kijana mmoja akamchomekea. Watu wakacheka, kicheko kichungu.

"Ilikuwa biriani nzuri," akakubali Dada Indu.

Halafu akatoa ile shali kwenye mkoba, akaikunja, akaiweka mbele ya Mzee Kashiram. "Mlinivika hii kwa maneno yenye kosa. Sistahili kuwa nayo."

Mzee Kashiram hakuigusa. Mama mmoja akauliza, "Na nazi je?"

"Nazi nilishaila, mama. Nisameheni."

Hapo hata waliokunja mikono walishindwa kujizuia, wakacheka. Mke wa Mzee Kashiram, Mama Chandrabhaga, akaja akaichukua ile shali, akaipima kwa vidole. "Nzito hii. Ndama wangu anatetemeka na mvua, itamfaa," akasema, akaondoka nayo. Aliporudi alikuwa na sahani. Juu yake kulikuwa na mkate mmoja wa uwele na mlima wa vitunguu, vingine vimeshachipua.

"Kula, Dada. Usione aibu, tumebakiwa navyo vingi."

Jamani, nimehudhuria karamu za mabalozi, sijawahi kuona mtu akila kama alivyokula Dada Indu siku ile. Alikiweka kitunguu juu ya jiwe, akakipasua kwa ngumi kama mkulima, akala. Akapasua cha pili. Cha tatu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Hayo machozi ni ya kitunguu au ya aibu?" Mama Chandrabhaga akauliza.

"Ya vyote viwili, Mama."

"Haya, kunywa maji."

Na mimi nililia, niseme ukweli, ingawa sikuwa nimekula kitunguu chochote. Tukidhani mambo yameisha, Mzee Kashiram akainuka. Akamwambia Dada Indu, taratibu, bila hasira, "Ujwala wangu alikuwa aanze chuo cha uuguzi mwezi huu." Akageuka akaenda ghalani kwake kuendelea kuchambua vilivyooza.

Wiki iliyofuata Dada Indu alituma mtu kumwambia yule mzee kwamba angependa kumsaidia binti yake. Mtu alirudishwa kwa heshima na kikombe cha chai. Ujwala alianza chuo mwaka uliofuata, kwa jasho la baba yake, na leo ni muuguzi. Lakini ule mwaka mmoja ulipotea, na hakuna aliyejidai kwamba haukupotea.

Jumba lilitaka kumwondoa. Nalisema hili kwa sababu wengi mnaompigia makofi leo hamkuwepo, na baadhi mliokuwepo mnasahau mlivyonyoosha mikono aondoke. Walisema ameshusha hadhi ya Jumba, kwamba msemaji anayekiri kosa hatasikilizwa tena na mtu. Dada Indu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sharti lake, yeye mwenye kesi ndiye aliyetoa sharti! "Mkinibakiza, jioni ya kwanza ya mihadhara ya majira ya joto itakuwa yangu kila mwaka. Na nitasoma makosa niliyoyafanya tangu mwaka uliopita."

"Watu watakuja kutucheka," akasema Bwana Garge.

"Waje. Viti si tunavyo?"

Bwana Garge alifikiri sana, kisha akasema ndiyo, na kwa neno lile moja mimi nimemsamehe mengi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Jioni ya Makosa, ambayo leo watu wanaijia kutoka Pune na Dhule, wanaketi mpaka barabarani. Mwaka wa kwanza walikuja kucheka kweli. Alisema alidhani mazungumzo fulani ya biashara yangefaulu, yakavunjika. Alisema alimdharau jirani fulani, jirani akamshangaza. Kila kosa alilifuata mpaka mzizi wake: nilimsikiliza nani, nilipuuza nini, nilitamani iwe nini. Kufikia mwaka wa tatu watu walikuwa wanafika na makosa yake aliyoyasahau, wanasimama kumkumbusha kwa furaha kubwa, na yeye anawashukuru na kukubali, au anabisha kufa na kupona. Vijana wetu wanasema wamejifunza siasa za dunia hapo zaidi kuliko darasani, kwa sababu ndipo walipoona jinsi mtu mwenye akili anavyopotea. Tuliwaalika pia wachambuzi wakubwa wa runinga waje kusoma ya kwao. Wote walikuwa na safari.

Na kila mwaka alianza na kosa lile lile, la Karanjwadi. Hata lilipokuwa limezeeka, hata tulipomwambia Dada, inatosha sasa. Na kila mwaka Mzee Kashiram alikuja kulisikiliza. Alikaa nyuma kabisa, mahali watu wanapovulia viatu. Dada Indu akimaliza kulisimulia, mzee anainuka, anatafuta viatu vyake, anaondoka. Hakupiga makofi, hakuuliza swali, hakusalimia. Mimi ilinikera. Siku moja nilimwambia Dada Indu, huyu mzee anakuja kuhakikisha deni lako halijafutwa.

Alinijibu jambo ambalo sikulisahau. "Hema, maelfu wananisikiliza na kunipigia makofi. Kusikiliza ni rahisi. Yule alinipa ghala lake. Siku akiniuliza tena swali, swali lolote, hata la mvua, nitajua kwamba bado nafaa kwa kazi hii. Kabla ya hapo mimi nazungumza tu."

Nilimwambia anajitesa. Akasema labda.

Mwezi huu, mwanzoni mwa mihadhara, ilikuwa Jioni ya Makosa yake ya mwisho. Uwanja ulifurika hata Bwana Garge akakosa kiti chake mwenyewe. Dada Indu alipanda jukwaani na sari ya kijani, sauti imeshaanza kukwaruza kidogo kwa uzee, akaanza kama kawaida na kosa la Karanjwadi. Nilikuwa nimesimama pembeni, na macho yangu yalikuwa kule nyuma kwenye viatu. Mzee Kashiram alikuwepo, amezeeka sana, fimbo mkononi, na safari hii Ujwala alikuwa ameketi naye.

Kosa lilisomwa likaisha. Mzee hakuinuka.

Dada Indu naye aliona. Najua aliona, kwa sababu alisahau kosa linalofuata ni lipi, jambo ambalo halijawahi kumpata, ikabidi mtu wa mstari wa mbele amkumbushe. Akaendelea mpaka mwisho. Ukafika wakati wa maswali. Mikono mingi ikainuka, wanafunzi, mawakili, wale wazee wetu wa karanga. Kule nyuma ikainuka fimbo.

Ujwala akamsaidia baba yake kusimama.

"Dada," akasema Mzee Kashiram. "Vitunguu vya kiangazi vimetoka vizuri mwaka huu. Niuze, au niweke?"

Nimemsikia mama huyu akijibu mabalozi bila kupepesa jicho. Nimemwona akimnyamazisha waziri. Safari hii alishika meza kwa mikono miwili. Bwana Garge alikuwa anafuta miwani yake, na mimi sikuwa na leso.

"Baba," akasema hatimaye, "sijui watafanya nini." Kisha akamweleza anachokijua, chote, bila kuruka hata kimoja. Jirani wa mashariki sasa ameanza kulima vya kwake, hivyo hanunui kwetu kama zamani. Njia ya bahari ya magharibi ina vurugu, meli zinazunguka mbali. Kura za majimbo ziko karibu, na bwana wa uchaguzi hajabadilika tabia. Mvua inatabiriwa kuwa ya wastani, na watabiri nao wanakosea kama yeye. "Hayo ndiyo ninayoyaona. Ghala ni lako, uamuzi ni wako. Lakini umeniuliza mimi, siwezi kukukimbia. Mimi ningeuza nusu."

Mzee Kashiram alifikiri. Hakuwa na haraka, na hakuna aliyemharakisha.

"Basi nitauza nusu," akasema, akaketi.

Hakuna shali tutakayomvika Dada Indu leo ambayo itashinda sentensi ile. Tutamvika hata hivyo, na nazi tutampa, na mama zetu wa jikoni wamepika chapati tamu za dengu zinazotosha jeshi. Bwana Garge atahutubia, na kama nimemjua vizuri, atatamka neno mkakati kabla ya dakika ya tano, kwa hiyo chai ipo.

Dada, asante kwa kutufundisha kuitazama dunia kutoka barazani kwetu wenyewe, na kwa kututoa barazani tulipoanza kujipenda mno. Asante kwa kila jirani uliyetulazimisha kumsemea. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, wajukuu wabishi, na magazeti utakayoyasoma bila kulazimika kuyaeleza kwa mtu. Nusu moja ya vitunguu imeshauzwa, kwa bei nzuri, amenipigia Ujwala. Nusu nyingine bado iko ghalani Karanjwadi, na mvua haijaanza. Mwakani jioni ya kwanza ni yako bado, umestaafu au hukustaafu. Tutasikia mwisho wake kutoka kinywani mwako, na Mzee Kashiram amesema atakaa mbele.

Hemlata Gaidhani, mhariri